Kovu la Mama Lilipofutwa Pichani

Ilikuwa Alhamisi jioni, siku ya nne ya matanga, na vijitabu vya mazishi vilikuwa vimewasili kutoka kwa mpiga chapa wa River Road vikiwa vingali vinanuka wino. Kaka yangu aliliweka boksi juu ya meza ya chai, chini ya hema tulilolisimamisha baina ya nyumba na kamba za kuanikia nguo mtaani Jericho, akaanza kuvigawa. Vilikuwa mia tatu. Akina mama wa chama, waliokuwa wakimenya viazi, walipanguza mikono kwa leso zao, kila mmoja akapokea chake, na kwa muda hapakusikika kitu ila karatasi zikifunguliwa.

Mwenyekiti wao, aliyeketi na mama yangu katika chama hicho kwa zaidi ya miaka ishirini, aliitazama picha ya jalada, akakigeuza kijitabu nyuma, akakirudisha mbele. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kukosa adabu, "Mwanangu, huyu ni nani?"

Nilidhani ni machozi yaliyomziba macho. Nikamwambia ni mama.

"Jina naliona," akasema. "Nauliza huyu wa pichani."

Nami nikaitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayeitazama, si kama mtu anayekagua tarehe na majina ya wajukuu. Aliyekuwa kwenye jalada alikuwa mwanamke wa miaka arubaini hivi, rangi ya maji ya kunde, mashavu laini kama yai lililomenywa. Macho yalikuwa ya mama, na lile gauni la kitenge cha buluu lilikuwa la mama. Lakini mama yangu alifariki mwaka huo wa 2023 akiwa na miaka 66. Alikuwa mweusi, mweusi wa kung'aa, na kwenye shavu la kushoto alikuwa na kovu lenye umbo la haragwe ambalo kila mtu wa Jericho alilijua. Watoto wa mtaa walipotumwa maandazi waliambiwa waende kwa yule mama mwenye kovu, naye aliitika bila kinyongo.

Kovu hilo alilipata mwaka 1992. Alikuwa akikaanga maandazi alfajiri, kando ya njia ya kuelekea uwanja wa Camp Toyoyo, jiwe moja la jiko likateleza, karai likainama. Nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka mayowe, na jirani aliyekuja mbio kumpaka dawa ya meno, maana ndivyo tulivyotibiana moto mitaani (desturi ambayo, mpenzi msomaji, madaktari hawaipendi hata kidogo, maji baridi ya mfereji ndiyo huduma ya kwanza). Baada ya wiki chache alirudi kwenye karai lile lile. Maandazi hayo ndiyo yaliyonilipia karo ya shule, na baadaye ya chuo cha uandishi wa habari.

Sasa kovu halikuwako. Lilikuwa limefutwa kama chaki ubaoni.

Ni rahisi kumlaumu kijana wa studio, nami nilimlaumu usiku ule mzima. Lakini nikisema kweli, kosa lilianza kwangu. Jumanne ile nilikwenda kwenye studio moja ya huku Eastlands, ambayo sitaitaja, nikiwa na picha ndani ya simu. Mpwa wangu alikuwa ameipiga Desemba ya mwaka 2021, siku ya kuhitimu kwake. Ndiyo iliyokuwa picha ya pekee ya miaka ya karibuni ambayo mama anamtazama mpiga picha uso kwa uso. Kijana aliifungua kwenye kompyuta, akavuta kiti, akaniuliza, "Dada, huyu tumtengeneze kawaida ama tumtengeneze kabisa?"

Nikamjibu, "Mtengeneze apendeze."

Akasogeza kishale hadi kwenye shavu la kushoto. "Na hii?"

Wakati huo nilikuwa nimebana simu sikioni nikibishana na mtu wa basi kuhusu bei ya kwenda Kangundo. Nikapunga mkono. Hata leo sijui ule mkono ulimaanisha nini. Yeye aliutafsiri alivyoutafsiri, na baada ya dakika kumi kazi ikawa tayari, shilingi mia mbili. Nilipoiona kwenye kioo cha kompyuta, nasema haya kwa aibu, nilifurahi. Nilisema, "Sawa kabisa." Niliona nguo imenyooka, taa ni nzuri, na mama anatabasamu. Sikuona kwamba anayetabasamu si yeye.

Mama mdogo alifika kutoka Kangundo usiku wa Alhamisi hiyo hiyo. Alikishika kijitabu kwa mbali, kama wafanyavyo watu waliosahau miwani, kisha akakiweka mezani na kutua juu yake kikombe chake cha chai. "Hivi vimekwisha chapwa, havina dawa," akasema. "Lakini picha ya kutangulia jeneza la dada yangu haitakuwa hii."

Kaka yangu alijaribu kumbembeleza. Akamwambia ubaya hauko, mama apumzike akiwa mrembo, na kwani mama mwenyewe hakuwa akigeuza shavu kila alipopigwa picha? Hapo kaka alinena kweli. Albamu yetu nzima imejaa shavu la kulia la mama: harusini, ubatizoni, Uhuru Park mbele ya maji. Mama mdogo hakujibu. Alikunywa chai yake, kikombe kikaacha duara la maji juu ya lile paji la uso nyororo.

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Nilikuwa na Ijumaa moja tu.

Waliokulia Eastlands miaka ya themanini na tisini wanawakumbuka wapiga picha wa Jumapili. Walipita Jericho, Maringo, Jerusalem na Bahati baada ya ibada, kamera shingoni, wakikupanga kando ya ua la michongoma au mbele ya kabati la vyombo, kisha wakarudi wiki mbili baadaye na picha ndani ya bahasha na daftari la madeni. Mmoja wao yu hai na anaishi Maringo, umri wake umepita sabini. Siku hizi anayefanya kazi ni mjukuu wake wa kike, katika chumba kimoja chenye kompyuta, mashine ya kuchapa na shuka jeupe ukutani. Mzee huketi kwenye stuli nyuma yake na kutoa makosa.

Nilipompa kijitabu alikitazama kwa muda mfupi sana. "Hii hairekebishiki, binti yangu. Nionyeshe ile ambayo haijaguswa."

Bahati nilikuwa nayo bado kwenye simu. Na hapa niseme jambo moja kwa kila mwenye nyumba: usifute picha ya awali hata ukiletewa nyingine iliyo nzuri mara kumi. Ngozi iliyokwisha kulainishwa haina pa kurudi.

Mjukuu aliifungua picha, na mzee akaanza kuniuliza maswali kama daktari. Kovu hili alizaliwa nalo? La, aliungua. Lilikuwako alipofariki? Lilikuwako. Na hiki kipele hapa juu ya nyusi? Nikasema hicho sikikumbuki, labda ni mbu. Na huu weupe puani? Jasho, jua lilikuwa kali. Na huu uzi wa kitambaa shingoni?

"Basi," akamwambia mjukuu, "toa mbu, punguza jasho, toa uzi. Kitu ambacho baada ya wiki mbili kingeondoka chenyewe, kiondoe. Kitu alichotembea nacho, mwachie."

Niliuliza kama huko ni kumwachia kila kitu hata asichokipenda mtu. Akasema kuna kuacha na kuna kupunguza, na hayo tutayafikia.

Kabla ya kuyafikia, alinipa somo ambalo sikulitarajia. Akavuta kutoka chini ya kitanda kopo la biskuti, ndani yake mna negativu zilizofungwa kwa karatasi na penseli tatu fupi. Yeye, kumbe, kabla ya kuwa mpiga picha wa mitaani alikuwa mrekebishaji katika studio mjini, kazi ambayo vijana wa leo hawajui kama iliwahi kuwapo.

Kwenye negativu, alinieleza, mambo yamepinduka: penye weusi usoni hupitisha mwanga, na penye weupe huwa giza. Doa jeusi shavuni ni kama kitundu kinachopenya nuru. Basi mrekebishaji huipaka negativu vanishi nyembamba ili risasi ya penseli ishike, huiweka juu ya kioo chenye mwanga nyuma yake, huinama na lenzi jichoni, na kwa penseli iliyochongwa kwa msasa hadi ikawa kama sindano, hukijaza kitundu hicho kwa vistari vidogo vyenye umbo la mkato. Wakati wa kuchapa, risasi hiyo huzuia mwanga na doa halitokei. Ukizidisha kidogo tu, panatoka baka jeupe kama choa, nawe hufuta na kuanza upya. Vumbi likiacha nukta nyeupe kwenye karatasi, hiyo hutiwa rangi kwa brashi ya nywele chache, juu ya picha yenyewe.

"Hatukuweza kumfuta mtu ngozi yote hata tungetaka," alisema mzee. "Uso mmoja ungekula siku mbili, na mteja amelipa nauli ya basi tu. Kwa hivyo ulichagua. Unauliza, ni nini hasa kinachomsumbua huyu? Unagusa hapo, unaacha."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu siku ile. Uvivu wa penseli ulikuwa adabu ya kazi. Filamu ndogo ya milimita 35 ilipoenea, uso wa mtu kwenye negativu ukawa mdogo kuliko punje ya mahindi na penseli haikupata pa kutua. Zikaja mashine za kusafisha picha za rangi kwa saa moja, na warekebishaji wakafunga makopo yao. Programu ya Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990. Toleo lake la saba, la mwaka 2002, lilileta brashi ya kuponya: unaionyesha ngozi nzima iliyo jirani na chunusi, nayo inaukopa umbile wake, inaupaka juu ya chunusi na kuulinganisha na rangi ya hapo. Ni kifaa kizuri mno. Tatizo ni kwamba hakichoki.

Alichofanya kijana wangu wa studio hata hakikuwa hicho. Mjukuu wa mzee alinionyesha kwa kupanua picha ya kijitabu mpaka shavu likajaa kioo. Hapakuwa na kitundu cha jasho hata kimoja, wala unyweleo, wala kile kivuli kidogo chini ya mfupa wa shavu. Kijana alikuwa ameutia uso wote ukungu, kisha akauongezea mwanga. Ukungu ulimeza kovu, makunyanzi na vinyweleo bila kubagua, na mwanga ukambadilisha rangi. Macho na midomo pekee vilibaki vikali, ndiyo maana mama alionekana kama mtu anayechungulia kupitia kinyago.

Njia yenye subira zaidi, alisema yule binti huku akiitenda, ni kuigawa picha matabaka mawili. Tabaka la chini hubeba rangi na vivuli tu, kama mtu unayemwona kupitia dirisha lenye mvuke. Tabaka la juu hubeba umbile wa ngozi: vitundu, mikunjo, vinyweleo. Rangi ikiwa na mabaka unalisawazisha tabaka la chini kwa upole, na lile la juu huligusi ila palipo na chunusi. Kazi ikiisha, tabaka lako la marekebisho unalififiza hadi nusu, ili ngozi ya kweli ichungulie. Kisha unairudisha picha kwenye ukubwa utakaochapwa, unasimama, unakwenda mlangoni, unageuka. "Ukiona marekebisho kabla hujamwona mtu," akasema, "umezidisha."

Kila baada ya dakika mbili babu yake alikuwa akimwambia, "Rudi nyuma." Maana yake apunguze ukubwa wa picha kiooni. Mtu akifanya kazi huku pua yake imegusa shavu, kila kitundu humwonekea kama shimo la Jogoo Road.

Walibishana mara moja tu, na ni juu ya mng'ao. Binti alitaka kuufifiza mng'ao wa mfupa wa shavu na wa paji la uso, kama alivyojifunza kwenye video za mtandaoni. Mzee akagonga meza. Uso mweupe, alisema, unaujua kwa vivuli vyake, lakini uso mweusi unaujua kwa nuru iliyoukalia. Ondoa jasho la puani, sawa. Ukiondoa na ule mstari wa nuru shavuni, utabaki na chungu ambacho hakijasuguliwa. Binti aliurudisha, na kwa hakika mama alirudi nusu hatua kutoka alikokuwa.

Mzee alikuwa na uchungu wake wa zamani juu ya suala hili. Nilimweleza nililowahi kulisoma, kwamba tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara kadi yenye picha ya mwanamke mweupe ili mafundi walinganishe rangi kwayo. Kadi hiyo wakaiita Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyekuwa wa kwanza kupigwa picha hiyo. Ngozi ya Shirley ikitoka sawa, mashine iko sawa. Kwa miaka mingi filamu ilitengenezwa ikimfikiria yeye, na sehemu ya msukumo wa kuiboresha upande wa rangi za hudhurungi ilitoka kwa wenye viwanda vya chokoleti na samani, waliolalamika kwamba mbao na peremende zao zinatoka vibaya. Ni katika miaka ya 1990 tu ambapo Kodak ilitoa kadi yenye wanawake watatu, mmoja wao mweusi.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Kabati! Kumbe walisikiliza kabati!" Halafu akakumbuka picha za darasa alizopiga zamani, safu ya nyuma ikiwa meno na macho matupu, na wazazi wakimrudishia wakidai amewaunguzia watoto. Wengine walikuwa na dawa yao: mpunguzie mwanga kwenye mashine wakati wa kuchapa, karatasi itoke nyeupe zaidi, mteja aende nyumbani ameridhika. Alikiri kwamba alifanya hivyo mara nyingi. Wasichana waliokuwa wakienda kuchumbiwa walikuja na ombi hilo bila kulificha, na tangazo la krimu ya kujichubua lilikuwa limebandikwa ukuta wa pili.

Leo kazi hiyo inafanywa na simu kabla hata hujafikiri. Simu za Tecno na Infinix, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen huko Uchina, zilijipatia wateja Afrika kwa kutangaza kamera zinazoijua ngozi nyeusi, na si haba, mtu mweusi ndani ya matatu usiku sasa anaonekana. Lakini ndani ya simu za siku hizi mna urembeshaji unaolainisha uso ukiuacha wazi, na wengi hatujui kama uko wazi. Yule binti aliikazia macho picha ya mpwa wangu, ile niliyodhani haijaguswa, akasema, "Shangazi, hata hii simu imeshailamba kidogo." Akanionyesha paji la uso: laini mno kwa mwanamke wa miaka 64. Hakuweza kuurudisha umbile ulioliwa. Alichoweza ni kuitia picha yote chenga chenga nyembamba, kama za filamu ya zamani, ili jicho lisiteleze.

Kuna mahali ambapo ulaini huo unaweza kukugharimu. Masharti ya picha za viza ya Marekani hayaruhusu uso uliobadilishwa kwa kompyuta wala kupambwa kwa vichujio vya simu, na ni kwenye vyumba kama hiki watu wa Eastlands hupigia picha hizo. Binti ameandika onyo ukutani, maana wateja humsihi. Huko Norway, sheria iliyoanza kutumika Julai 2022 inawataka wenye matangazo waweke alama kwenye picha ambayo mwili au ngozi ya mtu imebadilishwa. Mimi siombi sheria juu ya picha za matanga. Natamani tu kijana yule angeuliza mara ya pili, nami ningeondoa simu sikioni.

Tukarudi kwenye kovu. Binti alihitaji kuijua rangi halisi ya mama, maana jua la siku ya kuhitimu lilikuwa limeipeleka kwenye manjano, na kwa sababu hiyo nilikuwa nimebeba albamu. Alikuwa akiipekua polepole, shavu la kulia, shavu la kulia, shavu la kulia, hadi akafika kwenye picha ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe niliyokuwa nimeisahau. Nyuma imeandikwa 1993 kwa mkono wa mama. Ameketi wima, kola nyeupe, na anatazama mbele moja kwa moja. Sijui aliipigia nini. Labda kazi, labda benki. Kwenye shavu la kushoto palionekana pasafi.

Moyo wangu ulishuka. Nikamwona kaka yangu akiwa amesema kweli, na mama mwenyewe miaka thelathini nyuma akiwa amemwambia fundi: toa.

Mzee alinyoosha mkono, akaichukua picha, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Aliiinamisha hivi na vile. Kisha akaniita.

Kovu lilikuwapo. Lilikuwa limepauka, ukingo wake wa juu umeyeyuka kidogo ndani ya shavu, lakini ule mkunjo wa haragwe ulikuwa pale pale, na aliyemjua angeuona bila kutafuta. Aliyekuwa hamjui angeona mwanamke mwenye kola nyeupe.

"Huyu simkumbuki," mzee alisema. "Sura zilikuwa nyingi. Lakini mkono huu ni wangu." Alinionyesha kwa ukucha: vistari vinavyokwenda kutoka sikioni kuja puani, havikatizani. Mwenzake wa studio ile, alisema, alikuwa akizungusha penseli, yeye alikuwa akivuta.

Nikamuuliza kwa nini hakulimaliza.

"Kwa sababu hakuniambia nilimalize. Wa kumaliza wanasema maliza. Huyu lazima alisema punguza."

Angeweza kuwa anakisia, na ninajua kwamba mtu wa umri wake huweza kukumbuka kinachomfaa msikilizaji. Pia inawezekana mwanga wa studio ndio uliolipausha, au muda tu ulikwisha na mteja wa pili yuko mlangoni. Nimeyapima yote hayo. Lakini picha ilikuwa mkononi mwangu na kovu lilikuwa pichani, na mama aliilipia, akaichukua, akaandika mwaka nyuma yake, akaihifadhi.

Binti aliiweka picha ile kando ya kompyuta, akaifuata. Alishusha wekundu wa ukingo wa kovu, akaacha umbo lake. Aliacha mistari miwili ya kando ya mdomo na mikunjo ya macho, akapunguza weusi uliokuwa chini ya macho kwa kiasi cha usingizi wa usiku mmoja. Rangi aliishusha hadi ikakutana na weusi ninaoujua. Ilichukua saa tatu kasorobo, na walikataa nilipotaka kuongeza malipo; mzee alisema hiyo ni ya maandazi, jambo lililonifanya nishuku kwamba alimkumbuka kuliko alivyodai.

Tuliitia picha kwenye fremu jioni hiyo. Jumamosi alfajiri basi lilipotoka Jericho kuishika Kangundo Road, mama mdogo aliketi kiti cha mbele akiwa ameipakata, kioo kikimwelekea yeye. Hakusema ni nzuri wala ni mbaya. Alipitisha ncha ya leso mara moja juu ya vumbi, akaishikilia hivyo hadi tulipofika.

Vile vijitabu mia tatu tuligawa hivyo hivyo, hapakuwa na pesa za vingine, na niliwaona wageni waliosimama kando ya kaburi wakitazama jalada, kisha fremu, kisha jalada tena. Vingi najua vipo hadi leo kwenye makabati ya watu. Tulipokuwa tukikusanya viti baada ya mazishi nilikiokota kimoja kilichosahauliwa kwenye kiti cha mwenyekiti wa chama. Alikuwa ametumia kalamu ya kawaida ya wino wa buluu. Kwenye shavu la kushoto alikuwa amechora, kwa uangalifu mkubwa, kitu chenye umbo la haragwe.